Majibu ya Vipimo ni ya Nani?

Watu wakizungumzia maadili ya udaktari, mazungumzo hukimbilia mambo mazito: mashine ya kupumulia izimwe au isizimwe, figo moja apewe nani kati ya wagonjwa wawili, anayekataa kuongezewa damu kwa sababu ya imani yake aachwe? Ni maswali ya kweli, siyadharau. Lakini daktari wa kawaida anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukutana na hata moja. Linalomkuta mara kwa mara ni dogo kwa sura, na huletwa kwa sauti ya chini kwenye korido: "Daktari, tunakuomba, mzee asiambiwe."

Mzee mwenyewe yuko kitandani, akili zake timamu, anasubiri majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara. Watoto wake wameshajua kuwa ni saratani. Yeye anaambiwa ana vidonda vya tumbo.

Nitasema msimamo wangu mapema ili asiyekubaliana nami asipoteze muda kuutafuta. Mtego huu sehemu kubwa tunautega wenyewe, sisi madaktari. Tunalalamika kwamba ndugu wametubana, wanatutaka tudanganye, ilhali ni sisi tuliowapa majibu kwanza. Ndugu ambaye hajaambiwa hana cha kutuomba tufiche.

Nikimweleza jirani wa mgonjwa kilichomo ndani ya faili, nitaitwa kujieleza, na huenda leseni yangu ikaingia matatani. Lakini nikimwita mtoto wake mkubwa ofisini, nikafunga mlango, nikamsomea majibu ya baba yake kabla baba hajasikia neno, watu huita hiyo busara. Sababu halisi tunaijua. Mtoto anaweza kutoka nje akalia, akarudi. Mgonjwa hana pa kwenda. Atalala pale anakutazama, na wewe utapaswa kubaki. Tena mara nyingi huyo mtoto ndiye anayelipia matibabu, na anayelipa husikilizwa haraka. Tukishamwambia yeye, tumepunguza mzigo wetu kwa kutoa siri ya mtu mwingine, kisha tunashangaa anapotaka kuisimamia kama mali yake.

Tabia hii ina umri mkubwa. Maandishi ya kale yanayohusishwa na Hippocrates, mganga maarufu wa Ugiriki ya kale, yalimshauri tabibu amfiche mgonjwa mambo mengi wakati anamhudumia. Kanuni za Chama cha Madaktari wa Marekani za mwaka 1847 zilimtaka daktari asiwe mtoa habari za kuogofya kuhusu hatima ya mgonjwa, ila awatahadharishe ndugu na marafiki inapobidi. Mwaka 1961 madaktari wa huko walipoulizwa kama humwambia mgonjwa kuwa ana saratani, asilimia 90 walisema hupendelea kutosema. Swali lile lile likaulizwa mwaka 1979, na asilimia 97 wakasema hupendelea kusema. Miaka 18 tu! Sidhani kwamba katika muda huo madaktari waligeuka kuwa watu wakweli zaidi. Tiba ziliongezeka, kwa hiyo kulikuwa na la kusema baada ya kutaja jina la ugonjwa. Wagonjwa walianza kudai haki zao. Na sheria ya ridhaa, inayotaka mgonjwa akubali matibabu akiwa anayaelewa, ikawa na meno. Kwingine mabadiliko yalichelewa, na wala cheo hakikusaidia. Mfalme Hirohito wa Japani alipasuliwa mwaka 1987, madaktari wakajua ana saratani, naye hakuambiwa. Alifariki Januari 1989, na ndipo ugonjwa wake ulipotajwa rasmi.

Wanaotuomba tufiche hawana nia mbaya, na nisingependa msomaji atoke hapa akiwaona wakatili. Wanaogopa kwamba mgonjwa akisikia atakata tamaa, ataacha kula, atageukia ukuta. Hofu hiyo ina msingi wake, maana wapo wanaovunjika. Wasichokihesabu ni gharama ya uongo wenyewe, kwa sababu uongo wa hospitalini hausemwi mara moja ukaisha. Mgonjwa wa "vidonda vya tumbo" anaanza kupewa dawa za saratani kwa mshipa. Nywele zinatoka, anauliza kwa nini. Mtu aje na jibu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani ana dripu ya rangi ile ile na anajua kabisa anatibiwa nini. Mtu amwombe na yeye anyamaze. Muuguzi wa zamu ya usiku hakuwepo mlipopanga, kwa hiyo saa nane za usiku anaulizwa swali la moja kwa moja na anababaika. Hapo hapo kuna fomu ya ridhaa. Mtu anaridhia vipi dawa kali kwa ugonjwa asiojua kuwa anao? Ile sahihi aliyoweka ni wino tu. Na akichoka na kutapika akasema, "Vidonda vya tumbo havistahili mateso haya, nirudisheni nyumbani," utamjibu nini? Kwa ugonjwa anaoufahamu, uamuzi wake ni wa busara kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo kila aliyefanya kazi wodini amelishuhudia: mgonjwa anajua. Mwili ni wake. Anaona jinsi wageni wanavyoongezeka, jinsi watoto waliokuwa hawasemezani wanavyofika pamoja, jinsi mazungumzo yanavyokatika akiamka. Anajua, na ananyamaza ili kuwahifadhi watoto wanaonyamaza ili kumhifadhi yeye. Familia nzima inaigiza kwa upendo, na muda unakwenda. Deni halitajwi, ugomvi wa zamani hausuluhishwi, wosia hauandikwi kwa sababu kuutaja ni kufichua kila kitu. Kisha anafariki, na ndugu wanabaki wakiulizana, "Kwani alikuwa anajua?"

Pingamizi zito zaidi ninalolisikia ni kwamba kumwambia mgonjwa moja kwa moja ni desturi ya jamii fulani tu, na kwamba kwingine ugonjwa ni wa familia na uamuzi ni wa familia. Nalichukulia kwa uzito. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliofanywa Los Angeles kwa wazee 800 wa asili nne, 200 kwa kila kundi, wakiulizwa kama mgonjwa aambiwe kuwa ana saratani iliyosambaa. Kati ya wenye asili ya Ulaya, asilimia 87 walisema aambiwe. Wenye asili ya Afrika, 88. Wenye asili ya Meksiko, 65. Wenye asili ya Korea, 47. Kwa hiyo ndiyo, desturi ina uzito. Ila itazame tena hiyo 47. Daktari anayewaficha wagonjwa wote wa kundi hilo kwa sababu "kwao ndivyo ilivyo" atakuwa amekosea kwa karibu nusu yao. Na anayewaambia wote bila kuuliza atakosea kwa waliobaki. Asili ya mtu haikuambii huyu aliye mbele yako anataka nini.

Basi aulizwe. Wala si baada ya majibu kutoka, wakati uso wa daktari umeshasema; aulizwe siku kipimo kinapochukuliwa. "Majibu yakitoka, ungependa nizungumze na nani? Wewe peke yako, wewe pamoja na mtu wako, au kuna unayemwachia?" Jibu liandikwe kwenye faili, kila wa zamu alione. Si uvumbuzi wangu: utaratibu wa hatua sita wa kutoa habari mbaya uliochapishwa mwaka 2000, unaofundishwa sasa katika vyuo vingi vya udaktari, una hatua nzima ya kumuuliza mgonjwa anataka kujua kiasi gani kabla hujafungua mdomo. Tunaifundisha, tunaitungia mtihani, kisha tunaingia wodini na kumtafuta mtoto mkubwa.

Wapo watakaosema, "Zungumza na binti yangu, mimi niachie dawa zangu na Mungu wangu." Hilo nalo ni jibu kamili, na kumlazimisha kusikia ni ukatili uliovaa koti jeupe. Mtu ana haki ya kutojua. Tofauti yake na yule mzee wa vidonda vya tumbo ni kwamba yeye amechagua mwenyewe. Kwa ndugu wanaoniwahi koridoni nina maneno matatu ya kuwaambia: nitamuuliza, asipotaka sitamlazimisha, akiniuliza sitamdanganya. Wengi hukubali, na wengine naona wanashusha pumzi, maana na wao walikuwa wamechoka kubeba.

(Watoto wadogo, aliyezimia, aliyepoteza kumbukumbu, na yule ambaye kuna sababu za wazi za kuhofia atajidhuru, hao wana kanuni zao. Si hao ninaowazungumzia.)

Ninapopunguza sauti ni kwenye swali linalofuata: "Nina muda gani?" Hapo sisi wenyewe hatuaminiki. Utafiti mmoja wa mwaka 2000 ulichukua makadirio ya madaktari 343 kuhusu wagonjwa 468 waliokuwa mwishoni mwa maisha. Asilimia 20 tu ya makadirio yalikuwa karibu na ukweli, asilimia 63 yalizidisha matumaini, na kwa wastani madaktari walitaja muda zaidi ya mara tano ya ule mgonjwa aliokuja kuishi. Na kadiri daktari alivyomfahamu mgonjwa kwa muda mrefu, ndivyo alivyozidi kukosea. Kwa hiyo sitaji miezi. Nasema "wiki chache" au "huenda mwaka, huenda pungufu", na nasema waziwazi kwamba mapenzi huniharibia hesabu.

Sasa, nikisema majibu ni ya mgonjwa, lazima nikubali upande wa pili wa shilingi, ambako naona ugumu zaidi: mgonjwa anayetaka ndugu zake wasijue, ilhali ugonjwa ni wao pia. Huko Uingereza, mwaka 2009, mwanamume mmoja alibainika kuwa na ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi ambao kila mtoto wa mwenye nao ana nafasi ya asilimia 50 kuupata. Binti yake alikuwa mjamzito. Madaktari walitaka aambiwe; baba akakataa, nao wakamtii. Binti alijifungua, akaja kujua baadaye kwa bahati mbaya, na vipimo vikaonyesha naye ameurithi. Alishtaki, akisema kama angejua asingeendelea na ujauzito ule. Hukumu ya mwaka 2020 ilisema kwamba madaktari wana wajibu wa kupima kwa uzito maslahi ya mtu kama yeye dhidi ya siri ya mgonjwa wao, lakini kesi yenyewe akashindwa.

Kuna wenzangu wanaoona madaktari wale walifanya sahihi, na hoja yao si nyepesi: wagonjwa wakijua siri zao zinaweza kutolewa, wataacha kutueleza. Mimi ningemwambia binti. Ila kwanza ningerudi kwa baba, si mara moja, nimweleze kilicho hatarini. Na akibaki na msimamo wake, ningemtamkia yeye mwenyewe, usoni, kwamba nakwenda kumwambia, na kwa nini.