Nani Ana Ruhusa ya Kusema "Subiri" Kazini?

Ukitaka kujua utamaduni wa kazi wa mahali fulani, achana na maneno yaliyobandikwa ukutani pale mapokezi. Mwangalie mtu wa cheo cha chini kabisa anafanya nini akimwona bosi anakosea. Hapo ndipo sekta zinapoachana kweli, kuliko kwenye mavazi au saa ya kuingia.

Sekta ya anga ilijifunza somo hili kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Hispania, ukungu ulikuwa mzito hata waongoza ndege walioko mnarani hawakuiona njia ya kurukia. Rubani wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, naye mkufunzi mkubwa katika shirika lake, akaanza kuikimbiza ndege kabla ya kupewa ruhusa. Mhandisi wa ndege aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ndege ya Pan Am, shirika la Marekani, iliyokuwa kwenye njia hiyohiyo, imeshatoka. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Pan Am ilikuwa bado ipo. Watu 583 walikufa, na hakuna ajali ya ndege iliyowahi kuua wengi kuliko hiyo kwa ndege kugongana au kuanguka.

Kinachonigusa ni yaliyofuata. Wenye sekta hawakuishia kumlaumu marehemu. Mwaka 1979 NASA, shirika la Marekani la anga, iliitisha warsha juu ya makosa ya watu ndani ya chumba cha rubani, na kufikia 1981 United Airlines walikuwa wameanza mafunzo ambayo baadaye yalienea duniani: rubani msaidizi anafundishwa kutamka wasiwasi wake bila kuuma maneno, na kapteni anafundishwa kumsikiliza. Kabla ya hapo, tangu 1976, Marekani ilikuwa na utaratibu wa marubani kuripoti makosa yao wenyewe. Ripoti hazipelekwi kwa mamlaka inayotoa adhabu. Zinapokelewa na NASA, na majina yanaondolewa.

Hospitali zilichelewa. Daktari bingwa wa upasuaji amekuwa mfalme kwa miaka mingi, na nesi akiona jambo haliko sawa alilimeza. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla, wakati na baada ya upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa ya kwetu Tanzania, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mambo yenyewe ni ya kawaida sana: kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake, na kabla mgonjwa hajatolewa, nesi aseme kwa sauti kwamba vifaa, sindano na vitambaa vya kufyonzea damu vimehesabiwa na vimetimia. Mtu aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya wote huona wepesi zaidi kusema, "Daktari, samahani, kitambaa kimoja hakionekani."

Lakini karatasi peke yake haitoshi. Jimbo la Ontario, Kanada, lilipozitaka hospitali zake zote zitumie orodha hiyo, utafiti uliochapishwa 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiwango cha maana. Sababu zinabishaniwa bado. Mimi nina imani na wanaosema kuweka tiki ni jambo moja, na watu kusemeshana kweli ni jambo jingine.

Najua jibu linalokuja: hayo ni ya Wazungu, sisi tuna heshima kwa wakubwa. Basi tuwatazame Wajapani, watu wanaoinamiana na wenye lugha maalumu ya kumsemesha mkubwa. Kwenye viwanda vya Toyota, kibarua yeyote anayeunganisha gari akiona kasoro anavuta kamba. Kiongozi wa kikundi anakuja pale alipo, na kasoro isipotatuliwa kabla gari halijafika mwisho wa kituo hicho, mstari wa kuunganishia magari unasimama. Heshima yao haijavunjika. Benki zetu nazo zimelimaliza jambo hili kimyakimya: hazina hufunguliwa na watu wawili, kila mmoja na ufunguo wake, na meneja hahesabu kwamba amedharauliwa.

Linganisha na saiti ya ujenzi. Zege limekuwa gumu kumwaga, fundi anaagiza maji yaongezwe ili lilainike. Saidia fundi aliyeshika ndoo huenda anajua kwamba maji yakizidi zege linapoteza nguvu, maana amesikia injinia akilisema. Anamwaga. Analipwa kwa siku, na akibisha leo, kesho asubuhi ataambiwa nafasi zimejaa.

Ofisini hakuna nondo wala zege, ila mwenendo ni uleule. Mkurugenzi anamaliza kueleza mpango, anauliza kama kuna mwenye swali, kimya. Dakika kumi baadaye, kwenye chai na kwenye lile grupu la WhatsApp ambalo bosi hayumo, mapungufu yote ya mpango yanatajwa moja baada ya jingine, na mara nyingi yanatajwa sawasawa. Taasisi inawalipa watu hawa mshahara, halafu inakosa kile wanachokijua.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vijana wa kwetu ni waoga. Mweke kijana huyohuyo kwenye kiti cha rubani msaidizi, atasema, kwa sababu amefundishwa kusema na kuna utaratibu unaomlinda. Kwa hiyo ningeanza na mambo mawili. Kwenye kikao, mdogo kabisa kwa cheo aombwe maoni wa kwanza, na bosi aongee wa mwisho. Na kwenye saiti, mkataba wa mkandarasi utamke kwamba kibarua aliyesimamisha kazi kwa nia njema analipwa siku yake nzima, hata kama ikija kuonekana hofu yake haikuwa na msingi.