Mguu Uliovutwa Hauthibitishi Maumivu

Chukua panya wa maabara ambaye uti wake wa mgongo umekatwa, hata miguu ya nyuma haiwasiliani tena na ubongo. Mshtuko wa jeraha ukishapita, bana kidole cha mguu wa nyuma. Mguu utavutwa. Ubongo haukupata habari yoyote, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Lakini panya mzima akifanya tendo hilohilo, kwenye daftari la maabara huhesabiwa kuwa ameumia. Kwa miongo mingi utafiti wa dawa za maumivu umejengwa juu ya tendo hilo, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye kasoro inayotugharimu zaidi. Vipokezi, yaani protini za neva zinazotambua joto, msukumo na kemikali, tumevijua vizuri. Kupima maumivu bado tunapima vibaya.

Msingi wenyewe ni imara. Charles Sherrington alieleza mwanzoni mwa karne iliyopita kuwa ngozi ina miisho ya neva inayoitikia kile kinachotishia kuiharibu. Edward Perl na wenzake waliithibitisha miisho hiyo miaka ya 1960 kwa kurekodi uzi mmoja mmoja wa neva. Nyuzi za A-delta, zenye ala nyembamba ya mailini (mafuta yanayofunika neva), hupeleka taarifa kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde, nazo huleta mchomo mkali wa kwanza. Nyuzi za C hazina mailini. Huenda kwa mita 0.5 hadi 2 tu kwa sekunde na huleta maumivu ya pili, yale mazito yanayofukuta. Taarifa zote hupokelewa kwenye pembe ya nyuma ya uti wa mgongo, na hapo huweza kupunguzwa au kukuzwa kabla hazijafika ubongoni. Ronald Melzack na Patrick Wall walilieleza hilo mwaka 1965. Mwaka 1983 Clifford Woolf akaonyesha kuwa uti wenyewe huweza kubaki umesisimka hata jeraha la pembeni likishanyamaza.

Mwaka 1997 maabara ya David Julius ilipata jeni la kipokezi cha kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Kipokezi hicho, TRPV1, ni mlango wa ayoni, yaani tundu kwenye utando wa seli linalopitisha chembe zenye chaji. Hufunguka joto likifika karibu nyuzijoto 43, na mapema zaidi kama tishu imejaa asidi kwa sababu ya uvimbe. Ndiyo maana maji ya uvuguvugu huhisiwa kama yanaunguza kwenye ngozi iliyochomwa na jua. Mwaka 2010 Ardem Patapoutian na wenzake wakatambulisha Piezo1 na Piezo2, milango inayofunguliwa na msukumo, na mwaka 2021 Julius na Patapoutian wakapewa Tuzo ya Nobel. Waliistahili.

Hata hivyo dawa za kuziba TRPV1 ziligonga mwamba. Mojawapo, AMG 517, iliwapandishia joto la mwili watu waliong'olewa meno hadi kufikia nyuzijoto 40, kwa kuwa kipokezi hicho pia hushiriki kudhibiti joto la mwili. Nyingine ziliwapunguzia watu uwezo wa kutambua maji yanayoweza kuwaunguza. Kilichofanikiwa ni njia ya kinyume kabisa, yaani kiraka chenye kapsaisini asilimia 8, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Hubandikwa kwa dakika 60. Badala ya kuziba kipokezi hukifungua kwa nguvu, kalisi huingia kwa wingi, na miisho ya neva hunywea na kuacha kazi kwa muda unaoweza kufika miezi mitatu. Anayekibandika avae glavu za nitrile, kwani zile za mpira hazimkingi vya kutosha dhidi ya kapsaisini.

Mifereji ya sodiamu, milango ya ayoni inayoziwezesha neva kupeleka taarifa, inafundisha zaidi. Mwaka 2006 watafiti walieleza familia za kaskazini mwa Pakistan zenye watoto ambao hawakuwahi kuhisi maumivu. Jeni lao la SCN9A, linalotengeneza mfereji wa NaV1.7, lilikuwa limeharibika. Watu wengine wana mabadiliko ya jeni hilohilo yanayoufanya mfereji ufunguke kirahisi mno, nao hupatwa na maumivu ya kuungua kwenye miguu na mikono, ngozi ikiwa nyekundu. Ushahidi ulioegemea pande mbili namna hii ni adimu katika tiba. Lakini vizuizi vya NaV1.7 vimeshindwa kimoja baada ya kingine katika majaribio ya wagonjwa. Mifereji ya sodiamu ya moyo na ya misuli inafanana nayo sana, hivyo dozi haiwezi kupandishwa ovyo. Zaidi ya hapo, aliyezaliwa bila mfereji huo amekua na mfumo wa neva uliojipanga bila yake, na kidonge kinachomezwa ukubwani hakiwezi kuiga hali hiyo.

NaV1.8, mfereji mwingine wa jamii hiyo, imetupa matumaini zaidi. Suzetrigine, dawa inayouziba, iliidhinishwa Marekani tarehe 30 Januari 2025 kwa maumivu ya ghafla ya watu wazima. Mgonjwa huanza na miligramu 100, kisha miligramu 50 kila saa 12. Baada ya upasuaji wa ngozi ya tumbo na wa mfupa wa kidole gumba cha mguu, iliishinda plasebo (kidonge kisicho na dawa), ingawa haikuushinda mchanganyiko wa parasetamoli na haidrokodoni, dawa ya jamii ya afyuni. Nafuu isiyopitia vipokezi vya afyuni ni hatua ya kweli, na naifurahia bila kusita. Sasa tazama maumivu sugu. Katika jaribio la wagonjwa wenye maumivu ya mzizi wa neva yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, matokeo ya Desemba 2024 yalionyesha kuwa maumivu ya waliopewa dawa yalishuka kwa takriban pointi 2 kwenye kipimo cha 0 hadi 10. Ya waliopewa plasebo nayo yalishuka kwa takriban pointi 2.

Pengo hili kati ya maabara na mgonjwa si geni. Dutu P, kemikali inayopeleka taarifa za maumivu kati ya neva, ilijulikana tangu mwaka 1931, na vizuizi vya kipokezi chake, NK1, vilipunguza miitikio ya wanyama kwa namna ya kutia moyo. Kwa binadamu havikutuliza maumivu. Kimojawapo, aprepitant, kiliishia kuidhinishwa mwaka 2003 kwa ajili ya kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani.

Tuingie basi kwenye kipimo chenyewe. Kinachotumika zaidi ni nyuzi za von Frey, ambazo ni vipande vya nailoni vyenye unene tofauti, kila kimoja kikipinda kwa nguvu yake maalumu. Panya husimama juu ya wavu wa chuma ndani ya kisanduku kinachoonyesha ndani. Anayepima husukuma ncha kutoka chini, katikati ya unyayo, mpaka uzi upinde, kisha huushikilia kwa sekunde chache. Kwa panya wakubwa, utaratibu uliochapishwa mwaka 1994 huanza na uzi wa gramu 2 katika mfululizo wa gramu 0.4 hadi 15. Mguu ukivutwa hutumika uzi dhaifu zaidi, usipovutwa hutumika ulio mzito zaidi. Jibu likishabadilika kwa mara ya kwanza hufanywa majaribio mengine manne, na kiwango cha kati, yaani nguvu inayomfanya avute mguu nusu ya mara, hukokotolewa kutokana na mpangilio wa majibu.

Kwenye karatasi ni safi. Kwenye chumba cha maabara mambo huharibika kwa njia nyingi. Nailoni hunyonya unyevu wa hewa, hulegea, na uzi ulioandikwa gramu 2 ukawa unasukuma kwa nguvu pungufu. Dawa ni kuubonyeza kila uzi juu ya mizani kabla ya kazi, na kuandika unyevu na joto la chumba. Ncha ikiteleza pembeni, panya huinua mguu kwa mtekenyo. Panya asiyeachwa azoee kisanduku kwa nusu saa au zaidi huzungukazunguka, na kila hatua yake huweza kuhesabiwa kama jibu. Mtu naye ni tatizo. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa harufu ya wanaume pekee huwatia panya msongo unaopunguza miitikio yao. Ikiwa kundi la dawa lilipimwa na mwanamume na kundi la plasebo na mwanamke, una dawa inayoonekana kufanya kazi ilhali haifanyi. Kibaya kuliko vyote ni kumwacha anayepima ajue panya yupi alipewa nini.

Kuna pia mtego wa dawa zinazolegeza misuli au kuleta usingizi. Panya aliyesinzia havuti mguu haraka, na jedwali litasomeka kana kwamba amepata nafuu. Kila maabara inayodai imepata dawa ya maumivu ionyeshe, kwa dozi ileile na saa ileile, kwamba panya bado anaweza kutembea juu ya gogo linalozunguka bila kuanguka. Makala isiyo na kipimo hicho siiamini.

Na hata yote hayo yakirekebishwa, bado tunapima mguso. Mgonjwa wa kisukari mwenye neva zilizoharibika hamwendei daktari kwa sababu ameguswa na uzi. Anakwenda kwa sababu miguu inawaka moto usiku, bila kuguswa na chochote. Maumivu hayo ya kujitokea yenyewe huwezi kuyaona kwenye wavu wa chuma. Vipimo vyake vipo. Kimoja humpa panya chumba alichopatia nafuu na chumba alikopewa maji ya chumvi tu yasiyo na dawa, kisha kumwacha achague. Dawa ikimvuta panya aliyejeruhiwa kwenye chumba chake lakini isimvute panya mzima, basi kuna kero imeondolewa, na raha ya dawa yenyewe haielezi matokeo. Kingine, kilichochapishwa mwaka 2010, husoma uso kwa kuangalia macho, pua, mashavu, masikio na sharubu, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 2 kutoka kwenye picha. Hufaa kwa maumivu ya saa na siku, ingawa hupoteza makali kwenye maumivu ya miezi. Vipimo hivi ni vya polepole na vya gharama, na nadhani ndiyo sababu kubwa ya kupuuzwa kwake.

Jinsia nayo ilipuuzwa kwa muda mrefu kupita kiasi. Mwaka 2015 ilionyeshwa kuwa panya dume hutegemea mikroglia, seli za kinga zilizomo kwenye uti wa mgongo, kudumisha usikivu wa maumivu ya neva, ilhali majike hawazihitaji. Dawa iliyobuniwa kwa madume peke yao huenda isiwe na kazi kwa nusu ya wagonjwa, tena katika magonjwa ambayo wengi wa wanaoyaugua ni wanawake.

Upande wa binadamu, plasebo inastahili heshima zaidi kuliko inavyopewa. Mwaka 1978 ilionekana kuwa naloxone, dawa inayoziba vipokezi vya afyuni, hupunguza nafuu ya plasebo kwa watu waliong'olewa magego. Maana yake matarajio ya mgonjwa huamsha njia za neva zinazoshuka kutoka ubongoni kuzuia taarifa kwenye uti. Kipimo cha refleksi ya mguu wa panya, yaani mvuto usiohitaji ubongo, hakikuundwa kuonyesha hilo, na ndiyo sababu mojawapo ya dawa kung'aa maabara na kufifia kliniki.

Ningependa wafadhili waweke masharti mawili kabla dawa yoyote haijavuka kwenda kwa wagonjwa wa maumivu sugu. La kwanza, matokeo yatoke kwenye angalau kipimo kimoja ambacho panya anachagua mwenyewe, kwa madume na majike, wiki kadhaa baada ya jeraha na siyo siku ya tatu. La pili, kipokezi kinacholengwa kipimwe katika seli za mafundo ya neva ya binadamu kutoka kwa watu waliochangia viungo vyao, kwa kuwa mpangilio wa vipokezi katika seli hizo unatofautiana na wa panya. TRPV1, kwa mfano, imesambaa kwenye nyuroni za maumivu za binadamu kwa upana kuliko za panya mdogo, kwa hiyo mgawanyo wa seli uliozoeleka maabara haufai kunakiliwa moja kwa moja kwa mgonjwa.