Mnyama wa Mwezini

Shangazi yangu ana picha ya mnyama aliyeko mwezini. Anayo kwenye simu, ameiwekea alama isije ikafutika kwa bahati mbaya, na akikaa na mgeni haipiti robo saa kabla hajaitoa. Mpiga picha ni shemeji yangu. Darubini ni yangu. Kwa hiyo hadithi ikisimuliwa, jina langu hutajwa kama shahidi wa kitaalamu, na mimi nimechoka. Acha niseme yaliyotokea.

Kwanza muijue darubini yenyewe. Ni ya lenzi, si ya kioo. Mdomo wake una kipenyo cha milimita 102, na pale mbele hakuna lenzi moja bali tatu zilizobebana, mojawapo ya kioo cha aina ile isiyotawanya rangi ovyo. Wenye mambo yao huiita apokromati. Shida ya lenzi moja ya kawaida ni kwamba haiwezi kuukusanya mwanga wa buluu na mwekundu mahali pamoja, ndiyo maana ukiutazama mwezi kwa darubini hafifu unauona umevaa pindo la zambarau. Watu wa zamani walipambana na pindo hilo kwa kuirefusha darubini. Karne ya 17, mtazama nyota Hevelius wa kule Danzig, Gdańsk ya leo huko Poland, alijenga moja iliyozidi mita 40, ikaning'inia kwenye mlingoti kwa kamba, na upepo ukivuma inapepesuka yote. Mwaka 1758 fundi wa lenzi Dollond akapata hataza ya lenzi ya vioo viwili kule Uingereza, dunia ikapumua. Mimi nilijinyima mengi nikanunua ya vioo vitatu. Kwangu nyota ni nukta, na mwezi hauna pindo.

Maelezo haya kila mgeni huyasikia kabla hajaruhusiwa kuinama kutazama. Dada yangu anayaita ushuru.

Jioni hiyo walikuja wote: dada, shemeji, watoto wao, na shangazi ambaye alikuwa amesikia habari za darubini hiyo mpaka akasema basi naye aione kabla hajafa, ingawa ni mzima kunishinda mimi. Mwezi ulikuwa wa robo ya kwanza, yaani umewaka nusu. Shangazi akauliza kwa nini sikungoja uwe mpevu. Nikamweleza kwamba mwezi mpevu ni wa kuimbiwa, si wa kuutazama kwa darubini. Jua linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli vinakufa, milima na kasoko zote, yaani yale mashimo ya mwezini, zinalala. Robo ndiyo yenyewe. Pale mwanga unapopakana na giza, kila ukuta wa kasoko unatupa kivuli kirefu.

Shemeji akauliza kama tutaiona bendera ya Wamarekani. Hili swali huwa halikosi. Nikamwambia Apollo 11 ilitua Bahari ya Utulivu, ambayo ni tambarare nyeusi ya mwezini isiyo na maji, mwaka 1969, na upande huo leo umewaka, lakini kwa darubini yangu kitu chenye upana wa chini ya kilomita mbili hivi huko mwezini hakitambuliki. Bendera haifiki hata mita mbili.

"Sasa hela yote hiyo?" akasema.

Hapo nikapandwa na jazba kidogo. Nikawaambia, kwa sauti ya mtu anayekula kiapo, kwamba darubini hii haitii chumvi. Haiongezi, haipunguzi. Kinachoonekana humu ndicho kilichopo.

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Naona sasa kwamba alikuwa anaiweka akiba.

Nikachomeka lenzi ya jicho, ile ndogo ya kuchungulia, ya milimita 25, inayokuza mara 28 hivi na kuacha nafasi ya kutosha pande zote, nikaulenga mwezi, nikawapitisha watoto wakashangilia, kisha nikamwita shangazi. Sasa, shangazi haoni mbali. Miwani yake ni mizito kiasi kwamba akiivua anakuwa kama amezimiwa taa. Nikamwambia aivue, asiogope, azungushe kile kigurudumu cha fokasi mpaka picha imkae sawa, maana kasoro ya namna hiyo darubini huiziba yenyewe. Akavua, akainama, akazungusha taratibu.

"Ahaa. Nayaona mashimo."

Nikatabasamu upande wa dada.

"Na kuta zake nazo naziona. Mashallah." Kimya kidogo. "Na huyu je, anafanya nini?"

"Nani, shangazi?"

"Huyu mnyama."

Nikamwomba anipishe. Kwa jicho langu mwezi ulikuwa ukungu mtupu, kwa sababu alikuwa ameipeleka fokasi kwenye macho yake. Nikairudisha kwenye yangu. Mwezi ukakaa sawasawa. Mnyama hakuna. Upande mmoja tu palikuwa na doa lisilo na umbo, la kijivu, kama alama ya kidole.

"Ni vumbi, shangazi. Limetua kwenye lenzi."

"Vumbi lina miguu?"

Akainama tena, akazungusha tena. "Amehama," akatangaza. "Alikuwa huku, sasa yuko kule kwenye lile shimo kubwa. Amelikalia."

Lile shimo kubwa, kwa maelezo yake, lilikuwa Theophilus, kasoko yenye upana wa kilomita 100 hivi. Nikatazama. Ukungu. Nikarudisha fokasi. Doa, na doa lenyewe kweli lilikuwa limesogea. Nikajisemea kwamba ni mwezi ndio uliosogea: stendi yangu haina mota, dunia inazunguka, na kila baada ya dakika mbili hivi mwezi unajisogeza kiasi cha upana wake. Nikaulenga upya. Nilipomaliza, doa nalo likawa halipo.

"Limeondoka," nikasema kwa ushindi.

"Ameingia gizani," akasema shangazi. "Mnyama yeyote akimulikwa hukimbilia gizani."

Niseme ukweli, kuhusu giza alikuwa sahihi kabisa, ila sababu zetu zilitofautiana. Chochote kilichokuwa mle ndani kingeonekana tu kikipita mbele ya nusu iliyowaka. Kikienda upande wa anga jeusi, ni cheusi juu ya cheusi. Lakini wakati huo sikuwa nafikiri habari za giza. Nilikuwa nafikiri habari za miwani ya shangazi, na kwamba pengine ni wakati wa kumpeleka akapimwe upya.

"Mimi nimemwona kwa macho yangu mawili," akasema, kisha akajirekebisha, "kwa jicho langu hili moja. Ana kichwa, ana kiuno, ana miguu mingi. Na wewe si umesema mwenyewe, kinachoonekana humu ndicho kilichopo?"

Watoto wakaanza kugombania zamu. Yule mkubwa akasema naye kamwona. Mdogo akalia kwamba hataki kwenda mwezini, ingawa hakuna aliyekuwa amempangia safari. Dada akaniangalia kwa jicho la kuniambia mtoto huyu leo atalala na wewe.

Ndipo shemeji akatoa simu. Aliiegemeza kamera yake kwenye lenzi ya jicho, akawa anaitafuta picha, na mimi nikamwacha kwa roho safi, nikijua kamera haina shangazi wala haina woga. Itapiga mwezi mtupu na mjadala utakwisha. Nilichosahau ni kwamba kamera ya simu hujitafutia fokasi yenyewe, na katika vitu vyote vilivyo mbele yake huvutwa na kile chenye kingo kali zaidi.

Simu ikalia kachaa. Shemeji akaitazama. Akaisogeza karibu na uso. Hakusema neno, akampa dada, na dada akapiga ukelele ambao mbwa wa jirani waliuitikia.

Mwezi ulikuwa pale, nusu yake imewaka, kasoko zake zote. Na juu yake, kutoka Bahari ya Utulivu hadi karibu na ukingo, palikuwa na dude jeusi limesimama kwa miguu iliyopinda, limeinua kichwa.

"Haya," shangazi akasema, akavaa miwani yake kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi. "Vumbi hilo."

Kabla sijaishika ile simu picha ilikuwa imeshafika kwenye kundi la ukoo. Mjomba mmoja akajibu papo hapo kwamba yeye alishayasema haya miaka mingi, watu wakamcheka. Mwingine akauliza kama ana pembe. Mwingine, ambaye huwa hajibu hata salamu za msiba, akaandika: "Mrusheni tena, akiwa ubavu."

Nikaikuza picha. Kiuno chembamba kupita kiasi. Miguu, nikahesabu, sita. Na pale kichwani, zile walizoziita pembe, vipapasio viwili vilivyovunjika katikati kama viwiko.

Nikaichomoa lenzi ya jicho, nikawasha tochi yangu nyekundu, nikachungulia upande wa chini. Alikuwa ndani, anazungukazunguka juu ya kioo, amechanganyikiwa kutuzidi sisi. Sisimizi.

Sasa alifikaje? Hilo lilinipeleka kwenye sanduku la lenzi, lile lenye sponji iliyokatwa matundu, kila lenzi na tundu lake. Katika tundu moja lililokuwa tupu, kando kabisa ya ile ya milimita 25, palikuwa na pipi imelambwa nusu, imenata kwenye sponji, na msafara wa sisimizi ukiingia na kutoka kwa utaratibu kuliko foleni yetu ya kutazama mwezi. Yule mtoto mdogo, aliyekuwa bado anafuta machozi, alipoulizwa hakubabaika. Alisema aliificha humo kaka yake asiile.

"Kwa nini humo?"

"Si mjomba amesema hili sanduku mtu yeyote asiliguse?"

Nikakosa la kujibu. Ni sababu nzuri. Ningekuwa mimi na nina pipi ya kuficha, ningefanya vivyo hivyo.

Basi nikawakusanya wote niwaeleze. Nikasema ile lenzi kubwa ya mbele inachora mwezi mdogo sana, na mchoro huo unaelea hewani umbali wa milimita 714, mlemle kwenye mdomo wa lenzi ya jicho. Lenzi ya jicho kazi yake ni kuukuza ule mchoro. Mwezi mzima pale una upana wa milimita sita na nusu hivi. Sisimizi wa milimita mbili akipita hapo, anakuzwa pamoja nao. Yeye alikuwa juu kidogo ya pale mchoro unapokaa kwa jicho langu, ndiyo maana mimi niliona doa tu. Kwa jicho lisiloona mbali kama la shangazi, fokasi ilisogea ikamfuata sisimizi hukohuko alikosimama, mwezi na mdudu vikawa safi kwa pamoja. Kumbe katika ukoo mzima, aliyekuwa na jicho la kufaa kwa kazi hiyo usiku huo ni yule niliyetaka kumpeleka kupimwa.

Shemeji, ambaye akisikia tarakimu hawezi kujizuia, akatoa tena simu, safari hii upande wa kikokotoo. Upana wa mwezi ni kilomita 3,474. Milimita mbili juu ya sita na nusu.

"Inakuja zaidi ya kilomita elfu moja," akasema. "Kwa hiyo bendera haionekani kwa sababu ni ndogo, na huyu anaonekana kwa sababu ana kilomita elfu."

"Hana kilomita elfu. Yuko humu."

"Mimi nasoma hesabu tu."

Kilichoniuma zaidi nilikigundua peke yangu, na sikukisema mbele yao. Nilikuwa naitazama ile picha, navutiwa bila kupenda na jinsi kingo za yule mdudu zilivyo kali, hakuna hata chembe ya zambarau, mpaka vinyweleo vya miguu unaviona. Nikataka kuisifu apokromati yangu. Kisha nikakumbuka kwamba mwanga uliomchora sisimizi hauhitaji vioo vitatu. Yeye alikuwa nyuma yavyo. Mchomeke lenzi ileile kwenye darubini ya plastiki ya kuchezea watoto, mwezi utaharibika, utavaa zambarau na kila aina ya ukungu, lakini sisimizi atatokea vilevile, safi, hana wasiwasi. Kitu kilichoonekana vizuri kuliko vyote usiku ule hakikuwa na deni lolote na hela yangu.

Nikamtoa kwa ncha ya brashi laini ya kufutia lenzi, nikamweka juu ya karatasi nyeupe, nikamsogezea shangazi na tochi. Nikamwambia huyu hapa mnyama wako, shangazi. Hesabu miguu. Tazama kiuno. Linganisha na picha.

Akaisukuma miwani juu ya pua. Akamtazama sisimizi, akaitazama picha, akarudi kwa sisimizi. Alimkagua kwa muda mrefu na kwa haki, siwezi kumlaumu kwa hilo. Watu wote wakanyamaza wakimsubiri.

"Wamefanana," akakubali.

Nikashusha pumzi.

"Lakini huyu ni kitoto," akasema, akanirudishia karatasi. "Mama yake bado yuko kule."