Sahihi ni yako, bajeti si yako

Julai 2004 Serikali ya Tanzania iliachana na taarifa ya siri, ile ambayo mkuu wa kazi aliijaza peke yake na mtumishi asijue kaandikwa nini, ikaleta OPRAS, mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi. Hoja ilikuwa uwazi: mtumishi na msimamizi wake wakae meza moja, wakubaliane malengo Julai, wayapitie Desemba, wapimane Juni. Uwazi huo ulimpa mtumishi haki ya kuisoma hukumu yake. Madaraka yenyewe haukuyagusa, na sasa tunapojaza PEPMIS, mfumo wa kompyuta uliochukua nafasi ya OPRAS, tatizo tumehama nalo.

Tazama fomu ya OPRAS ilivyopangwa. Sehemu ya makubaliano ilikuwa na safu ya malengo, ya shabaha, ya vigezo vya kupimia na ya rasilimali zilizokubaliwa. Kwenye karatasi huo ulikuwa mkataba. Lakini malengo hushuka kutoka mpango mkakati wa taasisi hadi idara, kitengo, mpaka kwa afisa wa chini, naye anayakuta yameshaandikwa. Anachoachiwa ni kusaini.

Chukua afisa ugani wa kata enzi za OPRAS. Julai anasaini kutembelea vijiji vinne kila mwezi, na safu ya rasilimali inasema pikipiki na lita 40 za petroli. Agosti OC, yaani fedha za matumizi ya kawaida ya ofisi, haijaingia. Oktoba inaingia nusu, inaishia kwenye deni la umeme. Kufika Desemba anaweka mafuta kwa fedha yake na anafika vijiji viwili tu. Juni inapofika, ambapo alama 1 ilikuwa ya juu na 5 ya chini kabisa, wote wawili wanaangalia safu ya shabaha: vijiji vinne. Ya rasilimali hakuna anayeirudia. Anaondoka na 4. Fedha ambazo hazikuletwa zimegeuka uzembe wa mtu, tena kwa sahihi yake mwenyewe. Hakuna aliyemfokea wala kumtisha. Anajilaumu peke yake, na udhibiti wa namna hiyo ni mgumu kuupinga kuliko bosi mkali.

Kulikuwa pia na sehemu ya sifa za mtumishi. Humo utiifu ulipimwa kwa mambo kama kumuunga mkono msimamizi na kutii maagizo yake halali. Aliyetoa alama hiyo ndiye huyohuyo aliyependekeza nani aende semina, nani apate safari, nani aruhusiwe kwenda masomoni. Mtumishi aliyeuliza kikaoni gari la idara liko wapi angepata ngapi hapo? Na hakukuwa na safu ya mtumishi kumpima mkuu wake. Tathmini ilishuka, haikupanda.

Ndiyo maana fomu nyingi zilijazwa kwa mkupuo mwishoni mwa Juni, malengo yakiandikwa kufuata kazi zilizokwishafanyika, na kila mtu akapewa 2. Watu huita huo uvivu. Mimi nauona kama kinga: msimamizi na mtumishi wote walijua kipimo si cha haki, wakakizima pamoja. Gharama yake ilikuwa kubwa hata hivyo. Mchapakazi hakupata chochote, na faili lilibaki kabatini likisubiri siku mtu atakapokosana na mkuu.

PEPMIS imefunga mwanya huo kwa kiasi, kwani kazi zinaingizwa kwenye mfumo na msimamizi anaziidhinisha. Lakini kinachohesabika ndicho kinachoonekana. Muuguzi aliyekesha akimtuliza mama mwenye uchungu ataandika nini?

Kwa anayejaza mwaka huu: rasilimali ziandike kwa tarakimu, usiandike "vitendea kazi" ukaishia hapo. Kila ombi la mafuta au vifaa liwe dokezo lenye tarehe na namba ya kumbukumbu, na nakala ubaki nayo. Mapitio ya nusu mwaka usiyapitishe kimya. Kama fedha hazikuja, dai shabaha ipunguzwe hapohapo, maana Juni ni kuchelewa. Na wajumbe wa baraza la wafanyakazi, bajeti inapoletwa mbele yenu, ulizeni kila idara imepokea kiasi gani cha OC iliyoahidiwa, jibu liingie kwenye muhtasari. Vyama vya wafanyakazi vya TUGHE, TALGWU na CWT vina nguvu ya kudai jambo moja zaidi: mtumishi asipewe alama yoyote kabla msimamizi hajaonyesha kwa maandishi alichompa kufanyia kazi.