Pikapu ya kazi: filta ya hewa kwanza, sailensa baadaye

Wakuu mnaoendesha pikapu za kazi huku Arusha, Manyara na Dodoma, naomba tuongee hili. Mtu akinunua Hilux, iwe ya injini ya dizeli ya 2KD, 1KD au ile ya zamani ya 5L isiyo na tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi), cha kwanza anachofikiria ni sailensa ya kuunguruma, halafu anatafuta eya klina, yaani filta ya hewa, ya michezo, ile ya kitambaa chekundu inayopakwa oili, akishaifunga anasema sasa gari inapumua. Mi naona kwa gari inayolala na kuamka kwenye vumbi la Simanjiro mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Filta ndo ya kukuumiza kichwa kwanza, na filta nzuri ni ile inayozuia vumbi, mambo ya kupitisha hewa nyingi hayo tutayaongea baadaye.

Piga hesabu kidogo. Injini ya 2KD ina sisi 2,494, kila mizunguko miwili inavuta hewa ya kujaza silinda zote, kwa hiyo ukiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika inavuta karibu lita 2,500 za hewa kila dakika, na hapo bado tabo haijasukuma kitu. Kwa saa moja ni lita laki moja na nusu. Sasa hewa hiyo unaivuta ukiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya Orkesumet wakati wa kiangazi, au kule Engare Sero ambako vumbi ni jivu la volkano, laini kama unga, linaingia mpaka kwenye begi lililofungwa zipu. Ndani ya vumbi kuna silika, yaani chembe ngumu za mchanga, na silika inakwangua ukuta wa silinda na ringi za pistoni, inakula pia makali ya panga za tabo. Gari haitazima siku hiyo. Itaanza kula oili taratibu, asubuhi inakuwa nzito kuwaka, moshi wa bluu unatokea, na mwenye gari anamlaumu aliyemuuzia oili.

Halafu kuna ile namba ambayo baadhi ya watengenezaji wa filta wanaitaja na watu hawaitilii maanani. Filta moja inazuia vumbi asilimia 99, nyingine asilimia 99.9, unaona tofauti ni kijisehemu tu si ndio? Ya kwanza inapitisha asilimia 1, ya pili inapitisha asilimia 0.1, maana yake ya kwanza inaingiza vumbi mara kumi zaidi kwenye injini ileile barabara ileile. Kipimo kinachotumika duniani kupima haya kinaitwa ISO 5011, na mtengenezaji asiyetaka hata kutaja asilimia ya bidhaa yake mi simpi hela yangu.

Hizo filta za kitambaa sizichukii. Kampuni ya K&N ilianzishwa mwaka 1969 kule Riverside, California, na watu waliotoka kwenye mambo ya pikipiki na mashindano, na kwa mashindano ina mantiki kabisa, maana injini ya resi inafunguliwa mara kwa mara na sekunde moja ina thamani. Ila pikapu ya kubeba maharage na watu kutoka Kibaya inatakiwa ifike kilomita laki tatu bila kufunguliwa. Upande wa pili kuna Frank Donaldson, huyu mwaka 1915 huko Marekani alitengeneza kisafisha hewa cha trekta kwa sababu injini za matrekta zilikuwa zinaliwa na vumbi la shambani. Mi najiona niko upande wa mkulima. Na hiyo oili ya kitambaa ikizidi inaenda kukaa kwenye sensa ya hewa, ile yenye kawaya kembamba, kompyuta inaanza kusoma vibaya na wewe unaanza kuzunguka kwa mafundi umeme.

Kuhusu kwamba filta ya michezo inapunguza ulaji wa mafuta, mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge kule Tennessee walijaribu magari ya petroli ya injekta kwa kuyawekea filta zilizoziba, ulaji wa mafuta haukubadilika vya maana, kilichoshuka ni gari kuchanganya, yaani kuongeza kasi. Sasa kama iliyoziba haikuongeza ulaji, kitambaa kitauokoa ulaji gani? Dizeli nayo ikikosa hewa utaiona, inatoa moshi mweusi na inachoka mlimani, dawa yake ni filta mpya ya karatasi.

Ushauri wangu kwa hiyo: nunua ya karatasi ya ubora, ya mtengenezaji wa gari au kampuni ya filta inayojulikana, na uinunue duka unaloliamini, maana pale Kariakoo kopi zipo nyingi na boksi linafanana herufi kwa herufi. Iangalie raba ya pembeni, iwe laini na ikae sawa pande zote, mikunjo ya karatasi iwe imepangana vizuri. Ukishaifunga na kuendesha kwenye vumbi siku kadhaa, chukua kitambaa cheupe ufute ndani ya ule mpira unaotoka kwenye boksi filta inamokaa kwenda injini. Kikitoka na vumbi, hewa inapita pembeni, na hapo hata filta ya bei gani haikusaidii, tafuta klipsi iliyolegea, boksi lililopasuka au mpira uliochanika. Kama boksi lako lina kile kimdomo cha raba chini cha kutolea vumbi hakikisha kipo, nyingi nazikuta hazina.

Na jamani tuache kupuliza filta kila siku. Karatasi ikishashika vumbi kidogo inazuia vizuri kuliko ikiwa mpya, halafu kila unapofungua boksi unaangusha vumbi upande safi. Mtu wa kuosha magari anaweka bomba la kompresa karibu kabisa na karatasi, presha yote, inatoboka vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukilazimika, presha ndogo, kwa mbali, kutoka ndani kwenda nje, halafu imulike na taa kabla ya kurudisha. Hela ya urembo ukiwa nayo weka mkonga, lile bomba la hewa linalopanda mpaka usawa wa paa, wenye kichwa cha saikloni kinachozungusha hewa, unavuta hewa ya juu kule vumbi lilipopungua na lile zito linatupwa kabla hata ya kufika kwenye filta.

Haya, sailensa. Kama gari ina tabo, ekzosi iliyofunguka kidogo haina madhara, tabo yenyewe inapenda njia nyepesi nyuma yake, ila kama kompyuta hujaigusa usitegemee nguvu kubwa, utapata sauti. Kwa 5L isiyo na tabo usiweke bomba nene sana, moshi unapoteza mwendo na gari inakosa nguvu ya chini, ile unayoihitaji ukiwa na mzigo kwenye matope. Zile fupi zilizonyooka moja kwa moja zinauzwa sana, ila dizeli ya silinda nne kwenye mizunguko 2,000 inatoa mngurumo mzito wa hezi kama 67 (mitetemo 67 kwa sekunde), na sailensa fupi haiumezi huo, unabaki ndani ya kabini safari nzima kutoka Babati mpaka Singida, unafika kichwa kinagonga. Chukua ndefu yenye tumbo kubwa. Gari ikikaa Tanga au Bagamoyo kwenye chumvi lipia stenlesi ya 304, chuma kisichoshika kutu kirahisi, huku bara chuma kilichopakwa alumini kinatosha, ila pale fundi anapochomelea ile alumini inaungua, kwa hiyo papakwe rangi ya kuhimili moto. Na kabla hajachomelea atoe waya za betri, gari za D-4D, yaani hizo za 2KD na 1KD, zina kompyuta.

Kinachoniuma zaidi ni hizi ekzosi zinazokatwa katikati, kabla hata ya tairi za nyuma, eti inapunguza gharama na inaongeza sauti. Pikapu zetu zinabeba watu nyuma, wamama na watoto wa shule, moshi unapanda moja kwa moja kwenye bodi na dirisha la nyuma la kabini. Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani lilishaweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani tangu 2012. Mwambie fundi bomba lipite juu ya ekseli, lifike mpaka nyuma ya bodi na mdomo wake uangalie pembeni upande usio wa kupandia abiria, na akikuambia atakupunguzia bei akilikata, mwambie aendelee na bomba.