Mwanga Ukitembea Ndani ya Chupa: Changa la Macho?

Video ya mpigo wa leza ukipenya chupa ya maji taratibu, kama konokono, ikifika kwenye simu za Kibirizi hapa Kigoma, hukumu haichelewi: tumepigwa changa la macho. Mwanga unakata kilomita 300,000 kwa sekunde. Kamera gani itauwahi?

Shaka hiyo ina msingi. Mpigo unaoonekana si mmoja. Leza hupiga mamilioni ya mipigo inayofanana, na sensa ya kamera hupima kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, imechelewa kiasi gani tangu leza ipige; vipimo hivyo ndivyo vinavyopangwa kuwa video. Lakini kuchelewa huko kumepimwa, hakukuchorwa.

Tena kunapimwa kwa ubahili. Sensa ikinasa fotoni moja hupofuka kwa makumi ya nanosekunde (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Mwanga ukiwa mkali, fotoni za mwanzo huziba njia, zinazofuata hazihesabiwi, na mpigo huonekana umewahi kuliko ulivyowahi. Dawa ni kuufifisha mpaka mipigo kama 5 tu katika 100 ilete fotoni. Yaani 95 inatoka patupu, tena kwa makusudi! Mchora katuni ana haja gani na taabu hiyo? Hata kosa lake lina kipimo: sensa ikikosea muda kwa pikosekunde 50 (pikosekunde ni sehemu moja ya elfu ya nanosekunde), ukingo wa mpigo hufifia kwa milimita 15 hewani, na kama 11 majini, ambako mwanga hupunguza mwendo.

Ugomvi wenye maana uko kwenye akili mnemba inayochora pembe ambayo kamera haikukaa, kazi iliyofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, na wenzao mwaka 2024. Taa ya wavuvi wa dagaa iliyo kilomita 3 ziwani tunaiona ilivyokuwa mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 10 zilizopita, kwa kuwa mwanga huchukua muda kutufikia. Chupani ni vivyo hivyo, kwa kipimo kidogo. Mpigo unaoikimbia kamera huonekana una nusu ya kasi yake. Kwa hiyo programu huondoa muda wa safari ya kufika kwenye kamera ya awali, kisha huongeza wa pembe mpya. Isipofanya hivyo, pembe mbili hazioani.

Upande ambao hakuna kamera iliyouona, huo ni wa kukisia, na hapo wenye shaka wana haki. Chupa ikitikisika katikati ya kazi, picha imeharibika. Cheche ya mara moja nayo hainaswi hivi. Kamera ya tukio moja ipo: kundi la mtafiti Lihong Wang, Marekani, mwaka 2014 lilifikia fremu, yaani picha, bilioni 100 kwa sekunde. Ila nayo fremu zake hukokotolewa na kompyuta.