Siku ya Ziada Horombo: Mtu wa Unguja Ailipie?

Disemba ikikaribia, wanaotaka kuwa kileleni Kilimanjaro tarehe 9, siku ya Uhuru, huanza kupiga hesabu, na Wazanzibari nao wamo. Hesabu hukwama pale pale: njia ya Marangu kwa siku tano au sita? Hiyo ya sita ni ya kuuzoesha mwili, kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720.

Wanaoikataa si wajinga. Hifadhi hutoza kwa siku, na juu yake kuna kibanda, chakula, ujira wa waongozaji na wagumu, yaani wapagazi. Mwalimu wa skuli aliyekwisha kulipa boti hadi Dar na basi hadi Moshi lazima aulize: nitoe pesa zote hizo nikalale kibanda kile kile cha jana?

Ila siku hiyo si ya kulala. Asubuhi mnapanda polepole hadi Mawe ya Pundamilia, jabali lenye michirizi myeusi na myeupe, karibu mita 4,000. Mnakaa kidogo, mnateremka. Mwili umeonja hewa nyepesi, kisha unapewa usiku mwingine chini yake: pumzi zinaongezeka, figo nazo zinafanya kazi, ndiyo maana watu huko hawaishi kwenda kukojoa. Sisi ambao mlima wetu ni Masingini, usiofika hata mita 150, hatuna akiba aliyonayo mtu wa Arusha, anayelala mita 1,400 mwaka mzima.

Hoja nzito ya wapinzani, ambayo mawakala wa safari hawaisemi sana, ni hii: ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Horombo hadi vibanda vya Kibo, pa mwisho pa kulala, ni mita 1,000 kwa siku moja, na usiku huo huo mnaondoka kwenda kileleni, mita 5,895. Siku ya sita inapunguza hatari ya mapafu kujaa maji au ubongo kuvimba, haiiondoi. Mazoezi nayo hayakingi. Kijana mwenye pumzi za mpira ndiye hukimbilia mbele, akaanza kutapika wa kwanza.

Kwa maoni yangu, lipia. Pesa haitoshi? Ahirisha mwaka, usiende kwa siku tano. Mwenye uwezo achukue njia ya Machame kwa siku saba, inayokupandisha hadi jabali la Lava Tower, kama mita 4,600, kisha ikakulaza kambi ya Barranco, chini ya 4,000. Huko ni mahema lakini, na baridi yake mtu wa pwani ataikumbuka.

Mwenye ugonjwa wa sikoseli, hata siku kumi hazimfai: oksijeni ikipungua, seli za damu hujipinda na kuziba mishipa. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa chochote hapa chini, anaweza kudhurika bandama huko juu. Pwani yetu ina wengi wa namna hiyo wasiojijua, kwa hiyo kipimo kifanyike hapa hapa Unguja, kabla ya kukata tiketi ya boti.